Nani Atalipia Figo za Shangazi? Hesabu ya Familia Moja na Bima ya SHA

Familia ninayoichambua hapa ni ya shangazi yangu, mjane wa miaka 67 anayeishi katika kaunti moja ya Magharibi mwa Kenya. Ana kisukari na shinikizo la damu, maradhi mawili yanayofahamika kwa kula figo polepole bila mtu kuhisi. Watoto wake ni watatu. Kifungua mimba ni afisa katika kampuni moja jijini Nairobi, na mshahara wake ni shilingi 150,000 kwa mwezi kabla ya makato. Wa pili ni mtunza stoo huko Nakuru, analipwa 60,000. Kitinda mimba ni binti. Anauza mitumba katika soko lililo karibu na kwa mama yake, na mumewe anaendesha bodaboda. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike.

Katikati ya mwaka 2025 shangazi alivimba miguu na uso, sukari ikapanda, akakimbizwa katika hospitali ya Level 5, yaani hospitali kubwa ya rufaa ya kaunti. Alilazwa siku tisa. Alipofikishwa mapokezi, namba yake ya kitambulisho ilipoingizwa kwenye mtambo ilionyesha kwamba amesajiliwa SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya ya serikali, lakini hajalipa mchango wa mwaka. Shangazi mwenyewe alishangaa. Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa amepita kijijini na kumsajili, na tangu hapo alikuwa akienda zahanati na kutibiwa bila kutoa hata shilingi. Kwake yeye, hiyo ndiyo bima. Wanawe nao, kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kulipa.

Bili ya hospitali ilifika 44,000. Dawa na vipimo vilivyonunuliwa nje, kwa kuwa hospitali haikuwa navyo, vilikula 14,000 nyingine. Fedha hizo 58,000 zilipatikana kwa njia tunayoijua sote: kundi la WhatsApp, namba ya M-Pesa ya mweka hazina, majina ya waliotoa yakipangwa kila jioni, na simu za faraghani kwa wale ambao majina yao hayajaonekana. Kabla ya kumruhusu, daktari aliwaambia watoto kwamba figo za mama yao zimepungua nguvu sana na wajiandae, huenda akahitaji kusafishwa damu kwa mashine katika mwaka mmoja au miwili ijayo.

Ndipo familia ilipokaa. Kifungua mimba alikuja na hati zake za mshahara. Hoja yake ilikuwa nzito na aliieleza bila kupaza sauti: kila mwezi anakatwa 4,125 za bima ya serikali ambayo hajawahi kuitumia, kwa sababu mwajiri wake amemkatia bima ya kibinafsi yeye, mkewe na watoto. Sasa aambiwe pia alipie mama, halafu hospitali ikose dawa? Wa pili alimuunga mkono. Binti alinyamaza. Mimi niliitwa kwa kuwa kazi yangu ni ya mahesabu, nikaombwa niseme kama bima hii inawafaidi au inawaumiza.

Kwanza nieleze jinsi mpango wenyewe ulivyo, kwa sababu nusu ya ugomvi ulitokana na kutoelewa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini na Rais William Ruto tarehe 19 Oktoba 2023. Kesi mahakamani ziliichelewesha. Mahakama Kuu iliitangaza kuwa kinyume cha katiba Julai 2024, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na SHA ikaanza kazi tarehe 1 Oktoba 2024 mahali pa NHIF, bima ya zamani ya hospitali iliyokuwapo tangu 1966. Ndani yake mna mifuko mitatu. Wa kwanza ni wa afya ya msingi, unaolipiwa na serikali kutokana na ushuru, na ndio unaomtibu shangazi bure katika zahanati na vituo vya afya, yaani Level 2 na 3. Huko kusajiliwa kunatosha. Wa pili ni wa bima yenyewe, unaotokana na michango ya wananchi, na ndio unaolipia kulazwa na matibabu ya hospitali kubwa. Huko lazima uwe umelipa. Wa tatu ni wa dharura na maradhi sugu, nao unategemea bajeti ya serikali. Huingia pale mfuko wa pili unapofikia kikomo.

Kwa hiyo wanaosema serikali inalipa wana ukweli, na wanaosema tunajilipia wenyewe wana ukweli pia. Mstari umechorwa kati ya Level 3 na Level 4, na shangazi aliuvuka akiwa mgonjwa mahututi bila kujua kwamba upo. Huu si ujinga wake. Mtu aliyepewa huduma bure kwa miezi kadhaa kwa namba yake ya kitambulisho ana kila sababu ya kuamini kwamba namba hiyo itamfaa popote. Nadhani kasoro hii ya maelezo imewaumiza Wakenya wengi wazee kuliko hata ukubwa wa makato tunayoyapigia kelele.

Sasa makato. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, bila kikomo cha juu. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi. Chini ya NHIF kulikuwa na ngazi, na aliyepata 100,000 au milioni alikatwa 1,700 tu.

Nilianza na yule wa Nakuru. Zamani alikatwa 1,300, sasa anakatwa 1,650. Ukiangalia hapo tu utasema ameongezewa 350. Lakini chini ya NHIF alipata nafuu ya ushuru ya asilimia 15 ya mchango, yaani 195, kwa hiyo gharama yake halisi ilikuwa 1,105. Tangu mabadiliko ya sheria za ushuru yaliyoanza kutumika 27 Desemba 2024, mchango wa SHA huondolewa kwenye mapato kabla ya kutozwa ushuru. Kwa kuwa kipande cha juu cha mshahara wake hutozwa asilimia 30, anaokoa 495, na gharama yake halisi ni 1,155. Tofauti ni shilingi 50 kwa mwezi. Aliitazama karatasi kwa muda, akaomba nirudie hesabu. Nikarudia, ikatoka ileile.

Kwa kaka mkubwa mambo ni tofauti, na sikumficha. Zamani gharama yake halisi ilikuwa 1,445. Sasa, baada ya kuondoa nafuu ya ushuru, ni 2,887.50. Imeongezeka karibu mara mbili, na kwa mwaka anatoa 17,310 zaidi ya alivyokuwa akitoa. Angekuwa analipwa 300,000, angekatwa 8,250. Mpango huu umeundwa hivyo makusudi, mwenye kipato kikubwa achangie zaidi ili yule wa 20,000, aliyekuwa akikatwa 750, sasa akatwe 550. Mtu anaweza kuupenda au kuuchukia, lakini asiambiwe kwamba hakuna aliyeumia.

Binti na mumewe hawana mwajiri. Wao, kama Wakenya wengi, walijibu maswali kuhusu paa, ukuta, maji, umeme na mifugo, mtambo ukawapangia 7,200 kwa mwaka. Hawakuelewa imefikaje huko, na mimi pia sikuweza kuwaeleza, kwa sababu anayejibu haonyeshwi jinsi majibu yake yanavyogeuzwa kuwa shilingi. Tena hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa mtu anayehesabu faida ya siku kwa siku, kutoa 7,200 mara moja ni kazi ngumu kuliko kukatwa 1,650 kila mwezi kabla hujaziona. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao kimsingi ni mkopo wa kulipia mchango huo. Unasaidia, ila ni deni.

Shangazi mwenyewe alipangiwa kiwango cha chini kabisa, 3,600 kwa mwaka. Serikali ilitangaza mwaka huohuo kwamba ingewalipia wasiojiweza milioni 2.2, lakini shangazi hakuwa kwenye orodha.

Hapa ndipo nilipowaomba watoto wa shangazi waache kuhesabu kama watu watatu. Kaka mkubwa alikuwa akilinganisha 4,125 na matibabu aliyoyapata yeye, na kwa kipimo hicho alikuwa sahihi: alipata sufuri. Lakini bili za hospitali katika maisha yake hazijawahi kuwa zake peke yake. Nilimwomba atafute kwenye simu michango ya matibabu aliyotuma katika miaka mitatu iliyopita: mama, mjomba, mtoto wa dada, jirani wa kijijini, mwenzake wa shule. Hakutaka kunitajia jumla. Alisema tu kwamba ni nyingi.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema katika uchambuzi huu. Mkenya mwenye mshahara akitaka kujua bima ya umma inamgharimu nini na inampa nini, asihesabu magonjwa yake. Ahesabu watu ambao wakilazwa, simu inayopigwa ni yake. Kwa mtu wa 150,000 katika familia ya kawaida, watu hao hawapungui kumi. Kila mmoja wao akiwa amelipiwa SHA, sehemu kubwa ya bili inapita kando yake kabla simu haijalia. Faida yake haionekani kwenye hati ya mshahara kwa sababu huja kwa sura ya pesa ambazo hakuombwa.

Sheria yenyewe, hata hivyo, haihesabu jinsi tunavyohesabu sisi. Kwa SHA, kaya ni mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto. Mzazi hayumo. Kaka mkubwa anaweza kukatwa 49,500 kwa mwaka na bado mama aliyemzaa akafika mapokezi akiwa hana bima. Nilipomwonyesha hilo alikasirika, na nadhani alikuwa na haki. Jukumu letu kwa wazazi halijawahi kuwa la hiari, na mpango unaojenga mfuko wa taifa kwa fedha zetu ungeweza kuweka nafasi ya kumwandika mzazi mmoja au wawili, hata kwa nyongeza ndogo. Kwa sasa njia iliyopo ni kumlipia kama kaya yake mwenyewe.

Basi tuitazame ile wiki ya hospitali upya. Kama 3,600 zingekuwa zimelipwa, SHA ingelipia kitanda cha Level 5 kwa 3,920 kwa siku. Siku tisa ni 35,280. Zile 14,000 za dawa na vipimo vya nje zingebaki palepale, na pengine kiasi kidogo cha bili. Kwa maneno mengine, bima isingeondoa mchango wa WhatsApp. Ingeupunguza kutoka 58,000 hadi 22,720 hivi. Sikutaka waamini zaidi ya hapo.

Figo ni habari nyingine kabisa, na hapa nilitumia muda mrefu zaidi. Kiwango ambacho SHA hulipia kikao kimoja cha kusafisha damu ni 10,650. Mgonjwa akienda mara mbili kwa wiki, kama wengi wanavyofanya nchini, ni vikao 104 kwa mwaka, yaani 1,107,600. Niliandika namba hiyo peke yake katikati ya karatasi. Michango halisi ya watoto wote watatu kwa mwaka mzima, baada ya nafuu ya ushuru, ni 34,650, na 13,860, na 7,200. Ukiongeza 3,600 za mama, jumla ni 59,310. Haifiki gharama ya vikao sita.

Je, wangeweza kuchanga milioni moja na laki moja kila mwaka, kwa mwaka wa pili na wa tatu? Kila mtu mezani alijua jibu. Harambee hujaa mara ya kwanza, hupungua mara ya pili, na mara ya tatu watu hutoka kwenye kundi kimyakimya. Baada ya hapo huuzwa ng'ombe, halafu kipande cha shamba. Bima ya kibinafsi nayo haikuwa njia: nyingi hazimpokei mteja mpya wa umri wake, na zinazompokea humwekea muda wa kusubiri kwa maradhi aliyonayo tayari. SHA haimuulizi umri wala haimkatai kwa kisukari chake. Kwa mtu wa miaka 67 mwenye figo dhaifu, hakuna mahali pengine katika soko la Kenya ambapo 3,600 zinaweza kununua kinga ya aina hiyo. Sijui hoja ya kuipinga.

Kuna gharama moja ambayo haikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote, nami niliiweka kwa kuwa binti hakuwa ameisema. Mashine ziko mjini. Nauli ya watu wawili, mgonjwa na wa kumsindikiza, bodaboda na matatu kwenda na kurudi, walikadiria 800. Kwa vikao 104 ni 83,200 kwa mwaka. Kikao huchukua saa nne, na ukiongeza safari na foleni, siku nzima imekwisha. Anayemsindikiza ni nani? Kaka mmoja yuko Nairobi, mwingine Nakuru. Ni binti, siku mbili kila wiki, kibanda kikiwa kimefungwa, siku moja ikiwa ya soko kuu. Sindano za kuongeza damu, ambazo wagonjwa wa figo huhitaji mara kwa mara, huenda zikanunuliwa nje pia. Bima italipia mashine, lakini mtoto anayeishi karibu na mama atalipa kwa siku zake, na katika familia zetu mtoto huyo mara nyingi ni wa kike na ndiye mwenye kipato kidogo kuliko wote. Nilitaka kaka zake walisikie hilo kabla hawajaanza kujisifu kwamba wameokoa milioni.

Kuna pia usumbufu mdogo unaogeuka mkubwa. Shangazi alisajiliwa kwa namba ya simu ya mwanawe wa Nakuru, kwa sababu simu yake haikuwa na chaji siku ile. Kwa hiyo namba ya uthibitisho ilipotumwa, iliingia kwenye simu ya mtu aliyekuwa kazini kaunti nyingine. Hata baada ya alama za vidole kuanza kutumika, namba sahihi ya simu ni jambo la kurekebisha mapema kupitia *147#, na si usiku wa kulazwa.

Kaka mkubwa alirudi kwenye hoja yake ya mwisho, iliyo bora kuliko zote alizotoa: vipi kuhusu ufisadi na madeni? Februari 2025 hospitali za kibinafsi chini ya chama cha RUPHA zilitangaza kusitisha huduma kwa wagonjwa wa SHA kwa sababu ya kutolipwa, huku madeni ya zamani ya NHIF yakiwa bado yananing'inia. Mwezi uliofuata ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Serikali ilionyesha kwamba mtambo wa kidijitali wa shilingi bilioni 104.8 ulinunuliwa bila kufuata taratibu na kwamba serikali hata haiumiliki. Baadaye Waziri wa Afya Aden Duale alisimamisha vituo kadhaa vilivyodaiwa kughushi madai ya malipo. Mtu anayekatwa 4,125 kila mwezi anapoyasoma hayo, ana haki ya kuuliza pesa zake zinaenda wapi, na asiambiwe kwamba ni mchoyo.

Nilimjibu hivi. Makato hayo hayana hiari. Ukiyachukia, bado yatakatwa. Kwa hiyo swali la kama ulipe au usilipe halipo mezani kwake. Lililopo ni kama mama yake atakuwa ndani ya mfuko ambao yeye tayari anaujaza. Kumwacha nje kwa sababu mfuko unavuja ni kulipa mara mbili: mara moja kwa SHA, mara ya pili hospitalini kwa pesa taslimu. Nikamwongezea kwamba bima ya mwajiri wake ina kikomo kwa mwaka, na itakoma siku atakayoacha kazi, na ugonjwa mkubwa ni mojawapo ya sababu za watu kuacha kazi. Siku hiyo atabaki na hii anayoidharau.

Waliafikiana mambo manne. Kaka mkubwa alilipia mama 3,600 jioni ileile. Kaka zote wawili wanamtumia dada yao fedha kila mwezi, na wamekubali kiasi hicho kiongezwe kama mashine zitaanza, ili kibanda kikifungwa kisifungwe kwa hasara yake. Mchango wa binti na mumewe hulipwa nusu na wao, nusu na yule wa Nakuru, kwa sababu binti akiugua hakuna wa kumpeleka mama. Na kuna akiba ndogo ya dawa za nje, ambayo mweka hazina wake ni shangazi mwenyewe.

Jambo la tano halikuafikiwa. Kaka mkubwa anataka familia iache kabisa kuchangia harambee za matibabu za watu ambao hawajalipa SHA, akisema kwamba bila hivyo hakuna atakayelipa. Shangazi alikataa. Alisema miezi michache iliyopita yeye ndiye alikuwa mtu huyo, na waliomchangia hawakumuuliza kwanza kama amelipa. Mimi nilikuwa upande wa shangazi. Wamelipanga kwa kikao cha Desemba.